Siku Zimegoma, Kipimo Kinasema Hamna: Maswali Yenu ya Mwezi Huu

Mwezi huu mmenimaliza jamani. Nimefungua meseji zenu nikakuta karibu zote ni zilezile, siku zimepitiliza, nina mimba au sina, na nyingine zimetumwa saa 9 usiku unaona kabisa mtu hajalala anageukageuka kitandani. Nimechagua saba, zinazofanana nimeziunganisha, na majina nimeyatoa yote. Kama yako haimo soma hivohivo, inawezekana jibu lako limekaa ndani ya swali la mwenzako.

SWALI: Shikamoo nesi. Nina miaka 23, mwezi wangu ni wa siku 28 kwa mujibu wa apu ya kwenye simu, saivi nimepitiliza siku 9. Nilikutana na mpenzi wangu bila kinga mara moja tu. Nimepima siku ya 2 ya kupitiliza ikaja mstari mmoja, nikapima tena siku ya 4 jioni ikaja mmoja, ila kesho yake asubuhi nilivyokiangalia tena kile cha jioni nikaona mstari wa pili kwa mbaaali. Matiti yanauma. Ni mimba au ni stresi za mitihani? Siwezi hata kusoma nesi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hicho kipimo cha kesho yake asubuhi, kitupe. Kile kikaratasi cha maelekezo ambacho watu wanakichana na boksi lake kinasema usome ndani ya dakika chache, vingi ni kati ya dakika 3 na 5, baada ya hapo mkojo unakauka na ukikauka unaweza kuacha alama palepale mstari wa pili unapotakiwa kukaa. Kuna binti aliwahi kuniletea kipimo kakiviringisha kwenye tishu, kakitoa kwenye ndoo ya taka asubuhi, anakimulika na tochi ya simu, anakiinamisha huku, anakiinamisha kule, "nesi hebu angalia kwa hapa, ukikaa kwa hapa unauona". Nikakaa kwa hapo, na kweli nikaona kitu, kina rangi ya vumbi, hakifanani kabisa na ule mstari wa kwanza. Tukapima kipya palepale, mstari mmoja. Siku 4 mbele akaingia mwezini. Lakini usije ukanielewa vibaya, mstari hafifu uliotokea ndani ya dakika zake na una rangi ya mwenzake, huo unahesabika hata kama ni mwembamba kama uzi, hamna mimba ya nusu mstari.

Sasa kwa nini siku zimechelewa na kipimo kinakataa. Mwezi wa mwanamke una vipande viwili, kabla yai halijatoka na baada ya yai kutoka. Kile cha pili hakisumbui, kwa wengi ni kama wiki 2 na hakibadiliki sana mwezi hadi mwezi. Kinachoyumba ni cha kwanza. Ukiwa na mitihani hulali, au uliumwa homa kali, au una msiba, ubongo unaweza kuahirisha kutoa yai, yaani badala ya siku ya 14 linatoka siku ya 23, basi na damu nayo inasogea mbele siku hizohizo 9. Kwaiyo inawezekana mwili wako haujachelewa kitu, uko kwenye ratiba yake mpya, apu ndio haijaambiwa. Apu nyingi zinachukua wastani wa miezi yako iliyopita zinakupa tarehe, hazina jicho la kuona ndani ya kizazi. Na mtu mzima mwenye mzunguko wa siku 21 hadi 35 yuko sawa tu, wasichana wadogo ndio hata 45 tunawavumilia.

Ila habari hiyohiyo ina upande wake wa pili na huu ndio watu wanausahau. Kama yai lilichelewa kutoka na likakutana na mbegu, basi na mimba nayo ni changa kuliko unavyohesabu. Yai likirutubishwa linasafiri, linakuja kujishika kwenye ukuta wa kizazi kati ya siku ya 6 na ya 12 toka litoke, na hapo ndio homoni ya mimba inaanza kutengenezwa, ile HCG ambayo kipimo cha mkojo kinaitafuta. Mwanzoni ni kidogo mno, alafu inapanda karibu mara mbili kila baada ya siku 2 au 3. Ukipima mapema sana unauliza swali kabla mwenye jibu hajafika. Ndio maana mstari mmoja wa siku ya 2 na wa siku ya 4 kwako wewe haujamaliza kesi.

Fanya hivi. Tafuta tarehe uliyokutana na huyo kijana (umeniandikia vyote hujaniandikia tarehe!), hesabu siku 21 kuanzia hapo. Zikifika pima kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, maana umekaa usiku kucha haujachanganyika na maji mengi, angalia tarehe ya kuisha muda kwenye pakti, weka alamu ya simu, soma kwa muda wake, tupa. Kama siku 21 zimeshapita na kipimo kipya bado kina mstari mmoja, mimba kuwepo ni jambo gumu sana, rudia mara moja tu baada ya wiki kama damu bado haijaja, na ukitaka jibu la haraka zaidi cha damu kinaona mapema kuliko cha mkojo. Wenye mwezi unaoeleweka wanaweza kuanza kupima siku ileile ya kwanza damu ilipokosa kuja, wenye mwezi usioeleweka hiyo hesabu ya 21 ndio yenu.

Matiti kuuma hakuniambii chochote, yanauma kwenye mimba na yanauma damu ikikaribia, homoni inayofanya hivyo ni ileile.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa ingawa naliandika kwa ndogo: siku zimepitiliza, alafu tumbo linauma sana upande mmoja chini, damu inatoka kidogokidogo, kizunguzungu au unazimia, au maumivu yanapanda hadi ncha ya bega, hapo usisubiri asubuhi wala usisubiri kipimo cha pili. Hiyo inaweza kuwa mimba imetunga nje ya kizazi na mrija ukipasuka unavuja damu ndani kwa ndani. Hospitali, usiku huohuo.

SWALI: Habari dada nesi, mimi ni mwanaume usinishangae. Mpenzi wangu alikunywa P2 mwezi huu mara mbili, siku zake zimepitiliza wiki na siku 2. Yeye anasema ni P2 tu imevuruga, ila rafiki yake kamwambia apime kwa chumvi na ikatoa povu, saivi hatuelewi. P2 inaweza kushindwa?

JIBU: Sikushangai kaka, nashukuru umeuliza, wengi wenu mnajificha mpaka kipimo kitoke.

Chumvi muache nayo, na dawa ya meno, na sukari, vyote hivyo. Mkojo una vitu vingi vinavyoweza kutoa povu ukichanganya na vitu vya nyumbani, hata mkojo wako wewe ukiuweka hapo unaweza kutoa povu na sidhani kama tutakupongeza.

P2 inaweza kushindwa ndio. Ni kidonge cha dharura, kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke, kwaiyo ikinywewa mapema kabla yai halijatoka inasaidia, na kila saa inayopita ndani ya zile saa 72 za baada ya kukutana nguvu yake inashuka. Yai likishatoka haina cha kuzuia, na mimba ikishatunga haiitoi. Na kwa sababu inachezea yai, ni kweli kabisa inaweza kuleta damu mapema au kuichelewesha, hapo mpenzi wako hajakosea. Ila mpaka wetu ni wiki moja. Siku zikizidi 7 toka ile tarehe zilizotakiwa kuja, hatusemi tena "ni P2", tunapima. Nyie mna siku 9. Kanunueni kipimo leo, kaeni wote msubiri hizo dakika. Kitu kingine, yale matone ya damu yanayotoka siku chache baada ya P2 wengi wanayahesabu kama hedhi wanatulia, sio lazima iwe hedhi.

Alafu mara mbili kwa mwezi mmoja, shemeji, haimuui, lakini kama mmefika huko basi mnahitaji njia ya kawaida ya kupanga uzazi ya kukaa nayo, P2 kila wiki inazidiwa kwa mbali na njia za kawaida na mzunguko wake hautaeleweka kamwe.

SWALI: Nesi habari za kazi. Nina miaka 29, mtoto mmoja. Nilichoma sindano ya miezi 3 kwa miaka 2, nimeacha kwa sababu tunataka mtoto wa pili, ni mwezi wa 7 sasa sijaona siku hata tone. Wifi yangu anasema damu yote ya miaka miwili imeganda humo ndani ndio inazuia mimba, anataka nikasafishwe. Nimechoka na maneno nesi.

JIBU: Pole mama, na wifi yako mpe salamu zangu. Hamna damu iliyoganda. Hedhi ni ule ukuta wa ndani ya kizazi uliojengeka kwa mwezi mzima ukibomoka, sindano inazuia yai na inaufanya huo ukuta ubaki mwembamba, sasa kama hakijajengwa kitu kitabomoka nini? Ndio maana wanaochoma mwaka mzima karibu nusu yao hawaoni siku kabisa, na sio ugonjwa. Kusafishwa kizazi bila sababu ndio ugonjwa unaweza kuanzia hapo, maana kikikwanguliwa kupita kiasi kuta zinaweza kushikana kwa makovu, alafu damu igome kweli.

Miezi 7 umeihesabu kutoka wapi? Kutoka sindano ya mwisho, au kutoka siku uliyotakiwa kurudi hukurudi? Tunahesabu kutoka ya mwisho kuchomwa. Hii njia ndio inayochelewa kuachia kuliko nyingine zote, wengi inawachukua kama miezi 10 hivi toka sindano ya mwisho kupata mimba, na kuna wanaovuka mwaka na bado wanazaa vizuri. Kwaiyo kwa sasa bado uko ndani ya muda, inakera lakini ni kawaida. Wa vijiti na vidonge wao yai linarudi upesi, wiki chache tu baada ya kuacha. Na wale wenye kitanzi cha kopa naomba mnisikie, kitanzi hicho hakina homoni, hakisimamishi hedhi, kikiwepo na siku zimeruka msiseme ni kitanzi, pimeni mimba.

Wewe pia pima. Yai la kwanza linatoka kabla ya damu ya kwanza, kwaiyo mtu anaweza kukaa anasubiri siku zirudi ndio aanze kutafuta mtoto kumbe mtoto yupo tayari. Kama hupati dalili za mimba pima tu hata mara moja kwa mwezi mpaka mambo yajulikane. Ukifika mwaka toka sindano ya mwisho hamna damu hamna mimba, nenda kamuone daktari wa wanawake.

(Kuna dada mwingine ananyonyesha mtoto wa miezi 8 kauliza hilohilo. Kunyonyesha kunazuia yai vizuri sana pale tu mtoto yuko chini ya miezi 6, ananyonya mchana na usiku bila kuchanganyiwa kitu kingine, na siku zako hazijarudi. Yote matatu kwa pamoja. Miezi 8 imeshatoka kwenye hesabu hiyo, pima.)

SWALI: Mambo nesi. Mimi nina 26, tangu nikiwa shule siku zangu zinakuja zikijisikia, mwaka jana nimeona mara 4 tu. Nina chunusi na vinyweleo kidevuni nanyoa kila wiki, naona aibu hata kuandika. Altrasaundi walisema nina vivimbe vingi kwenye mayai, daktari akanipa vidonge vya majira nikaviacha, mimi si naogopa ugumba, na hata mwanaume mwenyewe sina saivi vya nini? Kuna mtu mtandaoni anauza dawa ya kusafisha kizazi na kuyeyusha vivimbe, anasema wiki 2 tu.

JIBU: Poa mdogo wangu, na aibu iweke pembeni, ungejua ni wangapi wananyoa kidevu kabla ya kutoka asubuhi. Shirika la Afya Duniani linasema hii hali, PCOS, kifupi cha Kiingereza cha hivyohivyo vivimbe vingi ulivyoambiwa, wanayo wanawake kati ya 10 na 13 kwenye kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa, na hadi 70 kwa kila 100 ya hao wanayo na hawajui.

Jina lenyewe limewatisha watu bure. Ukisikia vivimbe unafikiria kitu cha kupasuliwa. Vile vinavyoonekana kwenye altrasaundi ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikasimama njiani, kila mwezi kimoja kinatakiwa kiwashinde wenzake kitoe yai, kwako wanaanza mbio hakuna anayefika. Yai halitoki, damu haina ratiba. Na altrasaundi peke yake haitoshi kukupa jina la ugonjwa, tunaangalia vitu vitatu, siku zisizoeleweka, homoni za kiume kuwa juu (hapo ndio chunusi na vinyweleo vinaingia au kipimo cha damu), na hivyo vifuko vingi kwenye picha. Viwili kati ya vitatu, alafu baada ya kuondoa sababu nyingine. Wewe kwa maelezo yako unavyo vyote, ila hakikisha walikupima na tezi ya shingo, yaani TSH, na prolaktini, ile homoni ya maziwa, maana hivyo viwili navyo vinagomesha siku na tiba yake ni tofauti kabisa. Sukari pia, PCOS na sukari kupanda ni majirani.

Sasa vidonge vya majira, "mwanaume sina vya nini". Hapa ndio nataka ukae unisikilize. Yai lisipotoka, ile homoni inayojenga ukuta wa kizazi inaendelea kujenga, na ile inayotakiwa kuutuliza na kuubomoa haiji, kwaiyo ukuta unazidi kuwa mnene mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ndio maana ukiona baada ya miezi 4 inakuja kama bomba limepasuka, sijui kama ndivyo ilivyo kwako ila kwa wengi ndivyo. Ukiachwa hivyo miaka na miaka chembechembe zake zinaweza kubadilika vibaya mpaka saratani ya kizazi kwa ndani. Vidonge ulivyopewa vilikuwa vya hiyo kazi, kuulinda huo ukuta na kupunguza homoni za kiume, habari ya mwanaume haimo. Kama hivyo havikufai, yaani una presha au kipandauso cha kuona vimulimuli au uliwahi kuganda damu mguuni mwambie daktari, vipo vya homoni moja unakunywa siku kadhaa damu inashuka, angalau kila miezi 3 isipite. Na havileti ugumba, ukiviacha mwili unarudi ulivyokuwa.

Sio kama wa sindano, unaona? Yule ukuta wake ni mwembamba anaweza kukaa mwaka bila damu na hamna shida, wewe miezi mitatu ni mingi. Kukosa siku ni kulekule ila ndani ni vitu viwili mbalimbali, ndio maana nakataa kumpa mtu jibu bila kumuuliza maswali.

Mtoto utapata ukimtaka. Zipo dawa za kuamsha yai, letrozoli ndio inayoanziwa siku hizi, na kama una uzito mkubwa kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 kunawarudishia wengi siku zao bila dawa yoyote. Na kwa sababu yai linaweza kutoka mwezi wowote bila taarifa, ukipata mwenza usiseme mimi nina PCOS sishiki mimba. Utashika.

Huyo wa wiki 2 mblok.

SWALI: Nesi mimi swali langu fupi. Miaka 31, sinyonyeshi, mtoto wangu ana miaka 5, ila nikibonyeza titi linatoa maziwa na siku hazijaja mwezi wa 5. Mimba nimepima mara 3 hamna. Kichwa kinauma sana siku hizi.

JIBU: Dada hii kapime prolaktini wiki hii, pamoja na TSH. Prolaktini ndio homoni ya maziwa, ikiwa juu inamwambia ubongo huyu ananyonyesha asitoe yai, hata kama hamna mtoto anayenyonya. Inapandishwa na dawa, kwaiyo orodhesha kila unachokunywa, dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi na domperidoni, dawa za magonjwa ya akili kama risperidoni na haloperidoli, lakini usiache dawa ya akili kwa kusoma hapa, muone aliyekuandikia. Tezi ya shingo ikilegea nayo inaipandisha. Na inapandishwa na kijivimbe kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, vingi sio saratani na vinatibika kwa vidonge, ila hicho kichwa kuuma ndio kimenifanya nikujibu kabla ya gazeti kutoka. Ukianza kuona pembeni giza, yaani unagonga milango, usisubiri miadi.

Acha kulibonyeza.

SWALI: Hujambo nesi. Ni mama wa binti wa miaka 16, hajawahi kuona siku zake. Wenzake wote darasani wameshaona. Mwili wake umekua vizuri, matiti anayo. Ila kila mwezi tumbo linamuuma siku 3 au 4 mpaka anashindwa kwenda shule, alafu linaacha. Zahanati wanampa dawa za UTI, dozi ya tatu hii. Shangazi yake anasema nimpime mimba kwa siri.

JIBU: Sijambo mama. Umeandika vizuri sana, mpaka umenijibia mwenyewe. Soma tena ulichoandika, kila mwezi, siku 3 au 4, alafu linaacha. UTI haina kalenda.

Binti mwenye matiti akifika miaka 15 hajaona siku anatakiwa aonwe na daktari, na asiye na matiti kabisa hatusubiri hata 15, akifika 13 tunaanza kuuliza. Kwa binti yako mimi nawaza damu inatoka ila haina mlango. Kuna wasichana wanazaliwa kile kingozi cha mlangoni kimeziba chote, au kuna ukuta umekatiza njia juu zaidi, utotoni hakuna anayejua, akivunja ungo damu inashuka kila mwezi inakusanyika nyuma ya kizuizi. Juu nimemwambia wifi wa yule dada damu haijazi kizazi, hapa sasa ndio inajaza kweli. Wengine wanafika hospitali tumbo limevimba chini, mkojo unagoma kutoka kwa sababu kibofu kimekandamizwa, na mitaa mizima imeshasema ana mimba.

Mpeleke hospitali yenye daktari wa wanawake, aangaliwe kwa nje tu na altrasaundi ya juu ya tumbo, hamna haja ya kuingiziwa kitu. Ikiwa ni kile kingozi ni operesheni ndogo. Ikiwa ni kitu kingine, mfano amezaliwa bila kizazi, hiyo nayo ipo, basi mtaelezwa na mtajipanga, na hapo kuna vipimo vya homoni na hata vya kromosomu. Usikawie, ile damu ikikaa sana inarudi nyuma kwenye mirija na kuiharibu.

Kupima mimba kwa siri, hapana mama. Daktari atapima kwa sababu ni utaratibu na ni kweli mtu anaweza kushika mimba kabla ya hedhi yake ya kwanza, ila mwambie binti mwenyewe "tunapima hiki na hiki", na umuache dakika 5 peke yake na daktari. Mwambie shangazi hivyo.

SWALI: Nesi wangu, mimi ni mtu mzima kidogo, 43. Miezi 4 siku hamna, usiku najifunua naloa jasho mpaka shuka, hasira za ajabu. Nimeshaaga ujana eti? Mume wangu kafurahi anasema sasa hatuhitaji tena kinga.

JIBU: Mwambie shemeji afurahi polepole.

Ukomo wa hedhi wengi unawapata kati ya miaka 45 na 55, katikati hapo kama 51. Kwa 43 umewahi kidogo ila wapo. Chini ya 40 ndio tunasema mayai yamewahi kuchoka, ni wachache, na hao kwa kawaida wanatakiwa watibiwe homoni maana mifupa na moyo vinaathirika. Wewe kwa umri wako pia usiache tu, kaombe kipimo cha FSH, homoni ya ubongo inayoamsha mayai, na TSH, tezi ya shingo ikizidi kasi nayo inaleta jasho na hasira na siku kuruka, inafanana kabisa.

Lakini cha kwanza kabisa ni kipimo cha mimba. Najua umecheka. Mama mmoja wa miaka 44 alikuja kwangu kwa ajili ya "joto la uzee", nikamuuliza tarehe ya mwisho akaangalia dari kama wote mnavyofanya, nikampa kikopo akaenda chooni ananilalamikia njia nzima, na kipimo kikaja na mistari miwili mizito. Aliliangalia lile kopo kama limemtukana. Miaka hii ya karibu na ukomo mayai yanatoka kwa fujo, miezi 4 hamna alafu wa 5 linatoka moja, hilo moja linatosha.

Tunasema hedhi imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila damu, na hata hapo mtu wa chini ya miaka 50 tunamwambia aendelee na kinga mpaka ifike miaka 2 toka damu ya mwisho, aliyevuka 50 mwaka mmoja unamtosha. Na baada ya ile miezi 12 damu ikirudi, hata tone, hata ya kupaka tu, usiseme "kumbe bado kijana", hiyo unaenda kuangaliwa haraka.

Jasho lina dawa, usivumilie. Ukienda nenda na tarehe ya mwisho uliyoona damu imeandikwa kwenye karatasi, na ukiwa hukumbuki kabisa muulize mume wako, wakati mwingine wao ndio wanakumbuka.